Kioo Juu ya Picha za Mbao: Kutambua Tatizo kwa Dalili Zake

Picha ya sura ya mtu iliyokatwa kwa msumeno wa nakshi, yaani ule msumeno wa mezani wenye uwembe mwembamba unaopanda na kushuka, hupelekwa kwa fundi fremu yuleyule anayetengeneza fremu za picha za harusi na vyeti vya shule, naye kwa mazoea huiwekea kioo bila kuuliza. Mazoea hayo yana msingi wake kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi haiwezi kupanguswa, hunyonya jasho la vidole na huraruka. Mbao iliyopigwa msasa vizuri na kupakwa vanishi haina udhaifu huo, na badala yake ina mambo mawili ambayo karatasi haina: ina unene unaotupa vivuli, na huvuta na kutoa unyevu kwa wingi kadiri hewa inavyobadilika.

Kwa hiyo msimamo wa mwongozo huu ni kwamba picha ya mbao ianze maisha yake bila kioo, na kioo kiongezwe pale tu panapokuwa na sababu inayotajika. Mengi ya matatizo ambayo watu hudhani yametokana na kukosekana kwa kioo yana chanzo kingine, na mengine yameletwa na kioo chenyewe. Dalili zinazofuata zimepangwa kwa kuanza na zile zinazolalamikiwa zaidi.

Unajiona wewe mwenyewe badala ya kuiona picha

Hii ndiyo dalili ya kwanza kujitokeza, mara nyingi siku ileile fremu inapotundikwa. Kioo cha kawaida hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake, hivyo kwa nyuso mbili ni karibu asilimia 8, na kiwango hicho hupanda haraka pale mwanga unapokipiga kwa mshazari mkali. Kwenye picha ya kawaida ya rangi asilimia 8 haisumbui sana, lakini picha ya msumeno imejengwa kwa namna nyingine kabisa: sura hutokana na mianya iliyotobolewa kwenye mbao nyeupe, na nyuma ya mianya hiyo huwekwa ubao uliopakwa rangi nyeusi au kitambaa cheusi cha felti au mahameli. Weusi huo hautoi karibu mwanga wowote, kwa hiyo mwanga mdogo unaorudishwa na kioo hapo ndio unaotawala. Dirisha, taa ya dari na shati la mtazamaji huonekana ndani ya mianya, na mianya hiyo ndiyo macho, nywele na kivuli cha pua. Kwa maneno mengine, kioo huharibu sehemu zilezile zinazobeba sura na kuacha mashavu na paji la uso bila kuguswa.

Kabla ya kulaumu kioo, ni vyema kuthibitisha. Simama mahali unaposimama kila siku, kisha mwambie mtu akunjue kanga au shuka jeusi nyuma yako, mkabala na picha. Kama sura inajitokeza ghafla, tatizo ni mwakisi wa kioo. Kama mng'ao unabaki palepale, kiangalie chanzo cha mwanga kilicho pembeni au juu, na uchunguze pia vanishi yenyewe, kwani vanishi ya kung'aa iliyopakwa mara tatu nne hurudisha mwanga kwa namna inayokaribiana sana na kioo. Hapo kuondoa kioo hakutasaidia. Itabidi uso ulainishwe kwa msasa wa namba 400 au pamba nyembamba ya chuma, kisha upakwe vanishi isiyong'aa.

Ikiwa kioo ndicho chenye kosa, tiba nyepesi kuliko zote ni kukitoa. Ikiwa kuna sababu ya kukibakiza, fremu inaweza kuinamishwa mbele kidogo kwa kushusha mahali uzi wa kutundikia ulipofungwa, ili mwakisi wa dirisha uende sakafuni. Kioo chenye tabaka la kuzuia mwakisi, ambacho hurudisha chini ya asilimia 1 ya mwanga, ndicho tiba kamili, lakini bei yake mara nyingi huzidi bei ya fremu na mbao kwa pamoja, na nje ya miji mikubwa ni shida kukipata. Kisichofaa ni kile kioo chenye uso uliokwaruzwa ili usiakisi, kinachouzwa kwa bei ya wastani. Kioo hicho huonyesha vizuri kitu kilichokigusa kabisa, lakini kikiwekwa milimita 10 mbele ya picha huifanya ionekane kama inatazamwa kupitia moshi, na kingo kali zilizokatwa kwa subira hupotea. Picha ya mbao haipaswi kugusa kioo, kwa hiyo kasoro hiyo haikwepeki.

Kioo kimefanya ukungu upande wa ndani

Ukungu wa ndani una visababishi vitatu vinavyofanana kwa macho na kutofautiana kabisa kwa tiba, na kosa la kawaida ni kufungua fremu, kupangusa, kufunga tena na kushangaa ukungu unaporudi baada ya wiki chache.

Kisababishi cha kwanza ni maji. Mbao iliyokaa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa masika, katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, hutulia ikiwa na maji ya takriban asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Mbao hiyo ikifungiwa nyuma ya kioo na ubao wa nyuma uliozibwa kwa gundi ya karatasi, haina pa kupumulia. Jua la mchana likigonga ukuta, mbao hupata joto na kuachia sehemu ya maji hayo kwenye hewa finyu iliyofungiwa. Usiku, au kiyoyozi kinapowashwa, kioo hupoa kabla ya kitu kingine chochote na mvuke huganda juu yake. Ili kuona jinsi ilivyo rahisi kufika hapo, hewa ya nyuzijoto 30 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kudondosha maji ikikutana na uso wenye nyuzijoto 24 tu, na chumba chenye kiyoyozi huwa chini ya hapo. Dalili bainifu ni kwamba ukungu huu huja na kuondoka kwa saa, hukusanyika zaidi chini na pembeni, na hutoweka ukipulizwa hewa ya uvuguvugu kwa mashine ya kukaushia nywele.

Tiba ni kuruhusu hewa ipite. Acha nafasi ya milimita 6 hadi 10 kati ya uso wa mbao na kioo, toboa matundu mawili au matatu kwenye ukingo wa chini wa ubao wa nyuma na mengine juu, yazibe kwa kipande cha chandarua ili wadudu wasiingie, na uibandikie fremu vipande vya mpira au kizibo nyuma ili isigusane na ukuta. Jambo hili la mwisho ni la lazima kwenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe na Lamu, ambazo kuta zake hubeba unyevu mwaka mzima. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, ambavyo watu hupenda kuvitumbukiza ndani ya fremu, hujaa ndani ya muda mfupi katika hewa ya pwani na baada ya hapo hubaki kuwa takataka iliyofichwa.

Kisababishi cha pili ni mafuta na dawa za kumalizia mbao. Mafuta ya kitani na vanishi zenye mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni kwa muda mrefu baada ya uso kuonekana mkavu mkononi, na katika muda huo huachia mivuke inayotua kwenye kioo kama utando wa kijivu. Utando huu haubadiliki asubuhi na jioni, ukiguswa kwa kidole huacha mchirizi, na mara nyingi hujichora kwa umbo la picha yenyewe, kiasi kwamba ukitoa kioo na kukishika mbele ya mwanga unaiona sura ya yule mtu imechapwa juu yake. Mashine ya kukaushia nywele haitaufanya lolote. Unahitaji kitambaa laini chenye spiriti. Lakini kusafisha kioo pekee ni kazi ya kurudia. Mbao itolewe na iachwe mahali penye upepo kwa wiki tatu au nne, na iachwe zaidi msimu wa mvua, mpaka ukiweka pua karibu na mianya husikii harufu yoyote. Harufu ni kipimo kizuri kuliko kalenda. Kwa kuwa mafuta ya kitani yametajwa, ni muhimu kuongeza kuwa matambara yaliyotumika kuyapaka yaweza kujiwasha moto yenyewe yakikunjwa pamoja, kwa hiyo yaanikwe yakiwa yametandazwa nje au yalowekwe kwenye maji kabla ya kutupwa.

Kisababishi cha tatu ni gundi. Baadhi ya mafundi huziba kioo kwenye mfuo wa fremu, yaani ule mfereji wa ndani unaokishika kioo, kwa silikoni ile yenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni asidi inayotoka wakati silikoni inakauka, na ndani ya fremu iliyofungwa huacha ukungu kwenye kioo na kutia kutu kwenye pini na misumari midogo. Gundi ya kupuliza, inayotumika kubandika mchoro juu ya mbao kabla ya kukata, nayo huleta utando ikiwa mabaki yake hayakusafishwa kwa tina kabla ya kupaka vanishi. Kioo cha picha hakihitaji kubandikwa kwa chochote. Hushikwa na mfuo kwa mbele na ubao wa nyuma kwa pini.

Hakuna kioo, na mianya imejaa vumbi

Hapa ndipo hoja ya kuweka kioo ina nguvu, na haipaswi kupuuzwa. Hata hivyo vumbi ni la aina mbili. Pitisha brashi laini ya rangi, iliyo kavu na safi, kutoka juu kwenda chini. Kama vumbi linaondoka, mbao ikaonekana kama ilivyokuwa, tatizo ni ratiba ya usafi tu, na kioo kingekuwa gharama isiyo na lazima. Dodoma wakati wa kiangazi brashi hiyo itahitajika kila wiki, na Bukoba huenda mara moja kwa mwezi. Usitumie kitambaa, kikavu wala chenye maji, kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye ncha nyembamba za mbao na kuzivunja.

Kama vumbi linagoma na kuacha weusi unaonata, basi limechanganyika na mafuta ya jikoni, moshi wa mkaa au moshi wa sigara. Aina hii hupenya mianya, hujenga tabaka kwenye kingo zilizokatwa ambazo kwa kawaida hazikupata vanishi ya kutosha, na haitoki bila kuloweka, jambo ambalo plaiwudi ya milimita 3 haliwezi. Picha ya mgahawani, ya jikoni, au ya sebule iliyo wazi kuelekea jikoni inastahili kioo, tena chenye nafasi na matundu kama ilivyoelezwa. Vivyo hivyo picha iliyo kwenye ukumbi wa shule au wa hospitali, katika kimo ambacho mikono ya watoto na mabega ya wapita njia hukifikia.

Kabla ya kuamua, angalia pia kilichowekwa nyuma. Felti na mahameli hushika vumbi kuliko ubao uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na mara nyingine kubadilisha kitambaa kwa ubao huondoa nusu ya malalamiko. Anayependa weusi mzito wa mahameli, nao kweli ni mweusi wa kuvutia usio na mfano, akubali kwamba ameongeza sababu moja ya kuhitaji kioo.

Kipimo cha mwisho hapa ni unene wa madaraja, yaani vile vipande vyembamba vya mbao vinavyounganisha sehemu moja ya sura na nyingine. Picha ambayo madaraja yake yote yana milimita 3 au zaidi huvumilia brashi kwa miaka. Ikiwa kuna nywele au kope zilizokatwa kwa milimita 1, kila usafi ni hatari, na kioo kinalipa gharama yake. Daraja lililovunjika hurudishwa kwa tone dogo la gundi nyeupe ya mbao linalopakwa kwa ncha ya sindano. Lakini picha ambayo tangu mwanzo imebandikwa kikamilifu juu ya ubao wake wa nyuma haivunjiki kirahisi, na wakataji wengi wangeepuka mjadala wote huu wa kioo kama wangeibandika hivyo.

Mbao imepinda na kusukuma kioo, au kioo kimepasuka chenyewe

Kioo hakipasuki chenyewe. Ama kilikatwa kikiwa kikubwa mno kwa mfuo wake, ama mbao iliyo nyuma yake imehama. Plaiwudi husogea kidogo sana kwa sababu tabaka zake hupishana, ingawa ikipakwa vanishi upande mmoja tu hupinda kama sahani, kwani upande ulioachwa wazi hunyonya unyevu peke yake. Ipakwe pande zote mbili kwa idadi ileile ya mipako. Ubao mzima, uwe wa mninga, mtiki au mkangazi, haubadiliki urefu kwa kiasi cha kujali, ila hubadilika upana. Ubao uliotulia pwani ukiwa na maji ya asilimia 16, ukipelekwa kwenye nyumba yenye hewa ya unyevu wa asilimia 40, utashuka hadi asilimia 7 au 8, na kwa upana wa sentimita 30 hiyo inaweza kumaanisha kupungua kwa milimita 3 hadi 6, kulingana na aina ya mti na jinsi gogo lilivyopasuliwa.

Hesabu hiyo inawahusu moja kwa moja wanaotuma picha kwa ndugu walioko Muscat, Dubai au Ulaya, ambako kiyoyozi au joto la nyumbani wakati wa baridi hukausha hewa ya ndani. Picha iliyobanwa pande nne kwa misumari ndani ya fremu itachanika kwenye daraja lake dhaifu kuliko yote. Ibanwe katikati ya upande mmoja tu, na pande nyingine zishikwe na mfuo wenye nafasi ya milimita 3 kila upande ili mbao iweze kucheza. Akriliki, ambayo wengi huijua kwa jina la perspeksi, nayo ihesabiwe: hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko kioo, na kipande cha sentimita 60 kilichokatwa kikaa sawasawa na fremu kitavimba kwenda mbele siku ya jua kali.

Kama mbao imegandamana na kioo, usiibandue kwa kisu. Mara nyingi ni vanishi iliyolainika kwa joto ikashika. Iweke kwenye kivuli chenye ubaridi kwa muda, kisha pitisha uzi wa mshipi wa kuvulia kati yake ukivuta polepole kama unayekata sabuni. Alama itakayobaki itahitaji msasa mwembamba na mpako mpya, na fremu itahitaji vijiti vya kutenganisha mbao na kioo ambavyo ilipaswa kuwa navyo.

Rangi ya mbao imebadilika ingawa kuna kioo

Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya miale ya jua isiyoonekana, na hakizuii mwanga unaoonekana, ambao nao hubadilisha rangi ya mbao. Plaiwudi nyeupe huelekea manjano, mninga mwekundu huelekea kahawia, na kioo cha kawaida hakiwezi kuzuia mwelekeo huo. Vipo vioo maalumu vinavyochuja miale hiyo, navyo huchelewesha mabadiliko bila kuyasimamisha. Picha ihamishwe ukuta usiopigwa na jua.

Kuna unga chini ya kioo, au madoa ya kijani na kijivu

Unga laini kama wa sembe, pamoja na matundu ya milimita 1 hadi 2, ni kazi ya wadudu watoboao mbao, ambao hupenda sehemu nyeupe ya nje ya gogo la mti mgumu. Kioo hakiwazuii, kwa kuwa walikuwa ndani tangu mbao ilipokatwa, na ubaya wake ni kwamba huficha unga huo kwenye mfuo wa chini hadi mashimo yawe mengi. Picha ndogo ifungwe vizuri kwenye mifuko miwili ya plastiki na kuwekwa kwenye friza ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha iachwe irudie joto la chumba ikiwa bado imefungwa. Njia za udongo nyuma ya fremu ni mchwa, na hilo ni tatizo la ukuta, wala si la picha.

Madoa ya kijani au kijivu ni kuvu, ambayo hustawi pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 70 hivi kwa muda mrefu. Fremu iliyofungwa kabisa pwani ni makazi yake mazuri. Ifunguliwe nje ya nyumba, kuvu ifutwe kwa brashi ukiwa umefunika pua na mdomo, sehemu hiyo ipanguswe kwa spiriti, na kioo kisirudishwe mpaka matundu ya hewa yametobolewa.

Fremu ni nzito, msumari wa ukutani unalegea

Kila milimita ya unene wa kioo ina uzito wa kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Kioo cha milimita 3 kwenye fremu ya sentimita 40 kwa 50 ni kilo 1.5 peke yake, kabla ya mbao na fremu, wakati akriliki ya unene huohuo haifiki nusu ya hapo. Kwa fremu iliyo juu ya kitanda cha mtoto, au itakayosafiri kwa basi au ndege, akriliki ndiyo ya kuchagua, kwa masharti mawili: isafishwe kwa maji yenye sabuni kidogo na kitambaa laini tu, kamwe isisafishwe kwa spiriti wala dawa ya madirisha yenye amonia, na isipanguswe ikiwa kavu, maana hukwaruzika na hujichaji umeme unaovuta vumbi. Kama ni kioo cha kawaida ndicho kinachosafiri, kibandikwe utepe wa karatasi kwa mistari inayokatana usoni mwake, ili kikivunjika vipande visiingie kwenye mianya ya picha.